Ubongo Ukatwe Leo au Ukae Kwenye Fomalini? Ulinganisho kwa Waliofiwa kwa Jeraha la Kichwa

Ndugu wa marehemu wakifika mochwari baada ya ajali ya bodaboda huwa na swali moja: mwili tutaupata saa ngapi? Kaburi limeshachimbwa, wengine wako njiani, jeneza liko juu ya gari. Wasichokijua ni kwamba upande wa pili wa mlango daktari naye ana swali lake, na jibu lake ndilo litakaloamua saa yao. Fuvu ameshalifungua. Mkononi ana ubongo wa mtu mzima, gramu 1,300 au 1,400 hivi, laini kama mtindi. Aukate papo hapo, aandike alichokiona, aurudishe mwilini? Au autie kwenye ndoo ya fomalini, dawa ya kuhifadhi na kukaza viungo, na kuusubiri wiki mbili tatu ukaze, ndipo aukate?

Siku hizi yuko na wa tatu anayebisha hodi: msikate kabisa, mpigeni picha ya CT, ile eksirei inayoonyesha ndani ya mwili tabaka kwa tabaka.

Mimi si mpatholojia, yaani daktari wa kuchunguza maiti. Nimekaa upande wa maabara, kwenye kukata vipande vyembamba na kupaka rangi slaidi, vile vioo vya kutazamwa kwa darubini. Nimepokea ubongo ambao haukuwa na sababu ya kusubiri, na nimepokea vipande viwili vya ubongo ambao ulipaswa kusubiri wote. Nalinganisha njia hizi kwa ajili ya familia, kwa wakili anayebeba kesi, na kwa daktari kijana aliyepangiwa wilayani ambako hakuna mkubwa wa kumuuliza. Kifo cha ghafla au cha mkono wa mtu kiko chini ya polisi na mahakama, kwa hiyo familia haiombwi ruhusa ya kupasua. Kuuliza, hata hivyo, hakuna anayekatazwa, na Kenya familia nyingi huleta daktari wao asimame mezani na wa serikali.

Kabla kisu hakijafika kwenye ubongo

Yako majibu ambayo hayategemei ndoo wala mashine. Swali linalozaa kesi nyingi ni hili: alianguka au alipigwa? Nusu ya jibu hupatikana ubongo ukiwa bado haujaguswa, pale ngozi ya kichwa inapochanwa kutoka sikio hadi sikio na kufunuliwa mbele na nyuma. Upande wa ndani wa ngozi hiyo husema ambayo upande wa nje, wenye nywele, umeyaficha. Mtu akianguka mara moja, kwa kawaida damu iliyovilia huwa mahali pamoja. Ikionekana pembeni, kisogoni na usoni, kila alama peke yake, hadithi ya kuanguka inaanza kupwaya.

Wakenya waliliona hili mwezi Juni 2025. Albert Ojwang' alifariki akiwa mikononi mwa polisi Nairobi, na maelezo ya kwanza ya polisi yalikuwa kwamba alijigonga kichwa ukutani ndani ya seli. Jopo la madaktari lililoongozwa na Dkt. Bernard Midia lilisema kwamba mtu anayejigonga ukutani angekuwa na damu iliyovilia mbele ya kichwa, ilhali wao waliikuta pembeni, usoni na kisogoni, pamoja na dalili za kubanwa shingo. Hoja hiyo haikuhitaji darubini. Ilihitaji mtu wa kufunua ngozi yote, kutazama na kupiga picha. Kwa hiyo kabla ya kubishana kuhusu fomalini, ulizeni kama hatua hii imefanyika na kama picha zipo, maana mwili ukishazikwa hakuna ndoo itakayoirudisha.

Mabonge ya damu: kisu cha siku hiyo kinatosha

Damu inayokusanyika kati ya fuvu na utando mgumu unaoufunika ubongo mara nyingi hutoka kwenye mshipa unaopita chini ya mfupa mwembamba wa panja. Mfupa ukipasuka, mshipa unachanika. Huyu ndiye yule anayeanguka kwenye pikipiki, akainuka, akajipangusa vumbi na kusema niko sawa, akaenda nyumbani kulala, asubuhi asiamke. Damu inayokaa chini ya utando huo ni jambo jingine: huvuja kutoka kwenye mishipa midogo ya vena inayoning'inia kati ya ubongo na utando. Wazee na walevi wa muda mrefu ndio wahanga wake wakubwa, kwa sababu ubongo wao umesinyaa na mishipa hiyo imekaa imenyooshwa. Kwao hata kuteleza bafuni kunatosha.

Mabonge haya hayako ndani ya ubongo, yako nje yake. Kuusubiri ubongo ukaze ili uambiwe kuhusu bonge lililokuwa juu yake ni sawa na kumsubiri mgeni aliyekwisha kuondoka. Linalotakiwa ni kulipima bonge papo hapo kwa mililita, kuona kama ni damu mbichi au la zamani lenye ngozi yake, na kutunza kipande cha utando kwa ajili ya slaidi. CT nayo hulionyesha bonge kubwa vizuri sana, likiwa bado mahali pake kabla halijamwagika mezani. Hapa fomalini haina la kuongeza.

Damu chini ya ubongo: hapa fomalini inaharibu

Wengi hudhani kusubiri ni salama daima, kwamba hata kama hakufaidi basi hakudhuru. Si kweli. Fikiria kijana aliyepigwa ngumi moja ya taya kwenye ugomvi wa baa, akadondoka, akafa hapo hapo. Ubongo unapotolewa, sehemu yake yote ya chini imefunikwa na damu. Damu hiyo inaweza kuwa imetoka kwenye mshipa wa shingo unaopanda kuingia kwenye fuvu, uliochanika kichwa kilipopinduka ghafla. Inaweza pia kuwa imetoka kwenye uvimbe mdogo wa mshipa aliozunguka nao miaka bila kujua, ukapasuka siku hiyo. Kwa mshtakiwa, tofauti ya mambo hayo mawili inaweza kuwa ndiyo kesi yenyewe.

Uvimbe huo, ambao huenda si mkubwa kuliko punje ya mtama, hutafutwa ubongo ukiwa mbichi: maji yanatiririshwa taratibu, damu inaoshwa, mishipa inafuatwa mmoja mmoja kwa kibano. Ukiutia kwanza kwenye fomalini damu inakuwa ngumu kama gundi iliyokauka, na ukijaribu kuibandua unaondoka na mshipa. Anayetumbukiza ubongo wa namna hii ndooni bila kuuosha ameufunga ushahidi kwa kufuli na kutupa ufunguo. Shingo nayo isisahaulike, maana mshipa wenyewe unaanzia huko kabla ya kuingia kichwani.

Michubuko: njia mbili zinakaribiana

Ubongo hugonga fuvu. Mtu aliyesimama akaanguka chali na kupiga kisogo chini, mara nyingi michubuko mikubwa haiko kisogoni bali upande wa pili, kwenye ncha za mbele na za pembeni za ubongo. Aliyekuwa ametulia akapigwa na rungu, mchubuko mkubwa kwa kawaida uko chini ya pale alipopigwa. Ndiyo maana mpatholojia akikuta kidonda kisogoni na ubongo umevilia damu mbele, fikra yake ya kwanza ni kuanguka. Si kanuni ya chuma, na mtu anaweza kupigwa kisha akaanguka, lakini katika maiti ni machache yanayosema mengi kama hili.

Michubuko hii hukaa kwenye vilele vya mikunjo ya ubongo, kwa hiyo jicho huiona hata ubongo ukiwa mbichi. Tatizo linakuja kwenye kina na umri wake. Ubongo mbichi hukatwa vipande vya sentimita moja na nusu au hata mbili, na vinalegea, vinabonyea, kingo zinachafuka. Uliokaza kwenye fomalini hukatika kama jibini, sentimita moja au pungufu, na kila kipande kinakaa kilivyo mbele ya kamera. Swali likiwa "michubuko ipo?", ukatwe leo. Likiwa "ina siku ngapi?", fomalini inaanza kushinda. Na slaidi inashinda zaidi: baada ya siku mbili au tatu chembe zinazomeza mabaki ya damu huonyesha madini ya chuma yanayogeuka buluu kwa rangi ya Perls. Buluu hiyo ikionekana ilhali mshukiwa alikutana na marehemu saa tatu tu kabla ya kifo, kuna jambo la kuulizwa upya.

Nyuzi zilizokatika: hapa ndipo fomalini inapolipa

Kuna maiti inayowatatiza watu. Gari limepinduka, mtu hakuzungumza tena tangu dakika ile, amelala hospitali siku mbili bila fahamu, akafa. Fuvu zima. Hakuna bonge. Ubongo kwa macho unaonekana karibu wa kawaida. Familia inaambiwa "jeraha la kichwa" na wanatazamana.

Kinachouawa hapa ni nyuzi, yaani mikia mirefu ya seli za ubongo inayopeleka habari. Kichwa kikizungushwa kwa kasi, nyuzi zinanyooshwa na kuumia ubongoni kote. Sabina Strich alieleza hali hii Oxford mwaka 1956 kwa wagonjwa walioishi muda mrefu bila akili kurudi baada ya ajali. Miaka ya 1980 timu ya Glasgow na Wamarekani wakaipanga katika ngazi tatu: ya kwanza ni nyuzi zilizoumia za ndani ya ubongo; ya pili inaongeza jeraha kwenye daraja la nyuzi linalounganisha nusu mbili za ubongo; ya tatu inaongeza jeraha la pembe ya nyuma ya shina la ubongo. Mbili za mwisho huacha vitone vidogo vya damu. Kwenye ubongo mbichi unaolegea, kitone cha milimita tatu kwenye shina hupotea kirahisi. Kwenye uliokaza, unakiona.

Kisha iko slaidi. Protini iitwayo beta-APP husafiri ndani ya uzi muda wote. Uzi ukiumia, protini inajazana kama foleni ya magari mbele ya daraja lililovunjika, na kwa rangi yake maalumu inaonekana kahawia. Inahitaji mtu awe ameishi saa mbili hadi tatu hivi baada ya kuumia. Rangi ya zamani ya fedha huhitaji nusu siku au zaidi.

Aliyekufa barabarani papo hapo hatakuwa na kahawia yoyote ya kuonyesha. Kumweka wiki tatu kwa ajili ya beta-APP ni kuwatesa waliofiwa kwa jibu ambalo halipo. Na yule ambaye ubongo wake ulikosa damu kwa sababu ya kuvimba anaweza naye kuwa na kahawia, ila imejipanga kwa mistari ya kuyumbayumba kufuata mipaka ya mishipa, si kusambaa kwenye nyuzi. Kuzitofautisha kunataka jicho la mtu aliyeziona nyingi. Kama maabara mtakayopeleka haina rangi hiyo wala mtu huyo, ulizeni mnasubiri nini.

Aliyekaa kwenye mashine ya kupumua

Hawa tuwapitie haraka. Ubongo uliokosa damu siku kadhaa huku moyo unasukumwa na mashine hugeuka uji wa kijivu, na fomalini haiukazi inavyopaswa. Kusubiri hakusaidii sana. Chukueni vipande, na zaidi ya yote tafuteni picha za CT alizopigwa siku ya kulazwa, kwa sababu hizo zinaonyesha jeraha kabla uvimbe haujalifunika. Ziombeni hospitali mapema.

Mtoto mchanga ni kinyume chake. Ubongo wake una maji mengi na ni laini mno, na kesi zake ni nzito kuliko zote. Huyo asikatwe mbichi.

Muda, kaburi na ndoo

Ndoo yenyewe ni kitu cha kawaida kabisa: lita kumi, kifuniko, fomalini ya asilimia kumi. Ubongo haulazwi chini, utabonyea upande mmoja. Uzi hupitishwa chini ya mshipa mkubwa wa mbele ya shina, ukafungwa juu, ubongo ukaning'inia kichwa chini. Dawa huingia taratibu kutoka nje kwenda ndani, ndiyo maana haiharakishwi kwa kuongeza ukali. Uzito upimwe kabla, kwa sababu fomalini huubadilisha.

Kwa Muislamu anayetaka kuzika leo kabla ya magharibi, na anayeikumbuka hadithi kwamba kuvunja mfupa wa maiti ni kama kuuvunja wa aliye hai, wiki tatu ni neno zito. Kwa Mkristo wa bara anayesafirisha mwili siku nzima hadi kijijini, kurudi tena kwa ajili ya ndoo ni nauli nyingine na kilio kingine. Uingereza walilipia kutoulizana. Uchunguzi wa hospitali ya watoto ya Alder Hey, Liverpool, uliotolewa mwaka 2001, ulifichua viungo vya watoto vilivyohifadhiwa bila wazazi kujua, na mwaka 2003 ripoti nyingine ikaeleza habari za maelfu ya bongo zilizobakizwa. Sheria ya mwaka 2004 ya viungo vya binadamu ilitokana na hasira hizo. Wataalamu hawakuwa na kosa la kutaka fomalini. Kosa lao lilikuwa kufunga mwili na kuurudisha kama kwamba haukupungukiwa.

Njia ya kati, ambayo ndiyo yangu

Kati ya kukata leo na kusubiri wiki tatu iko njia isiyopewa haki yake. Ubongo unapimwa uzito, unaoshwa, unapigwa picha pande zote, unakatwa mbichi kwa subira, kisha vinatolewa vipande vidogo, ukubwa wa kidole gumba, mahali palipopangwa: daraja la nyuzi mbele na nyuma, nyuzi za juu karibu na mstari wa kati, shina la ubongo, ubongo mdogo wa nyuma, na kila penye jeraha. Vipande hivyo ndivyo vinavyoingia kwenye fomalini, na hukaza kwa siku chache tu. Ubongo wenyewe unarudi mwilini siku ile ile na mazishi yanaendelea.

Inapoteza nini? Ramani. Ukiwa na ubongo mzima uliokaza unaweza kurudi wiki ya tatu na kusema, hebu nitazame na hapa. Ukiwa na vipande kumi na viwili, ulichokiacha kimezikwa. Katika ajali ya barabarani yenye mashahidi, hasara hiyo ni ndogo. Katika kifo cha mahabusu ambacho fuvu halijavunjika na kila upande una hadithi yake, singeikubali. Hapo ningesema ndoo, wiki mbili angalau, na mpatholojia wa familia awepo siku ya kukata.

Na CT je?

Bern, Uswisi, kundi la Virtopsy limekuwa likipiga maiti picha tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, na kituo cha Melbourne, Australia, kimekuwa na CT ya maiti tangu 2005. Mipasuko ya fuvu, risasi na hewa iliyoingia kwenye mishipa, CT huviona mara nyingine vizuri kuliko kisu. Na mwili ulioharibika kwa joto, ambao ubongo utamwagika ukifungua fuvu, ni afadhali upigwe picha kwanza.

Lakini utafiti mkubwa wa Uingereza uliotoka mwaka 2012, wa maiti 182 za watu wazima, ulilinganisha picha na upasuaji katika vifo vya kila namna: sababu ya kifo iliyotolewa kwa CT ilipishana vibaya na ya upasuaji katika asilimia 32 ya maiti, na ya MRI, picha ya sumaku, katika asilimia 43. Kwenye kichwa, CT hupitwa na michubuko midogo, damu nyembamba, na karibu jeraha lote la nyuzi. Haioni kilichoko chini ya ngozi kama jicho linavyoona. Kama mji wenu una mashine na mtu wa kusoma picha za maiti, itangulie kisu. Badala ya kisu, mimi nisingeitumia kwenye kesi inayoelekea mahakamani.

Cha kuuliza mezani

Ikiwa ni ajali isiyo na ubishi, ombeni ukatwe siku hiyo na vipande vichukuliwe. Ikiwa ni ngumi moja na damu chini ya ubongo, sisitizeni uoshwe kabla ya lolote. Ikiwa aliishi saa kadhaa bila fahamu na hakuna kinachoonekana, au ni mtoto mchanga, au aliyekuwa naye mwisho ni mtu mwenye sababu ya kusema uongo, kubalini ndoo.

Mkikubali ndoo, fomu iandikwe yafuatayo kabla hamjasaini kupokea mwili: kwamba ubongo umebaki, nani anautunza, tarehe ya kuukata, na mtakavyo ufanywe baadaye. Wapo wanaoahirisha mazishi. Wapo wanaozika na kuja kuuchukua ubongo wauzike kando ya kaburi lile lile. Wapo wanaoiachia hospitali. Mstari huo wa fomu mara nyingi huwa mtupu, na miezi mitatu baadaye ndoo bado iko chini ya rafu yetu, imebandikwa namba, simu iliyoandikwa juu yake haipatikani.